Arifa za kukaribiana na mgonjwa: simu yako inajua nini, na nani mwingine anajua

Juni 2020 ujumbe mmoja ulizagaa kwenye makundi ya WhatsApp: fungua mipangilio ya simu yako, utakuta umewekewa mtambo wa kukufuatilia bila kuombwa ruhusa. Waliofungua walikuta kweli kuna kitu kipya kimeandikwa "COVID-19 Exposure Notifications", yaani arifa za kukaribiana na mgonjwa wa korona, na hapo uvumi ukapata miguu. Kilichokuwepo ni swichi tu, tena imezimwa. Mwezi mmoja kabla, Apple na Google walikuwa wameingiza kwenye simu njia ya kuziwezesha programu za idara za afya kutoa tahadhari ya korona. Bila wewe kupakua programu ya nchi au jimbo unaloishi na kukubali mwenyewe, haikufanya chochote.

Hata hivyo siwacheki waliotishika. Mtu anayeishi ugenini kwa kibali chenye tarehe ya mwisho ana haki ya kuuliza nani anajua alikuwa wapi na alikuwa na nani. Isitoshe, Juni 2021 wakazi wengi wa Massachusetts wenye simu za Android walikuta programu ya jimbo, MassNotify, imo ndani ya simu zao na hawakumbuki kuipakua. Haikuanza kazi mpaka mwenye simu aiwashe, lakini ukimkuta mgeni sebuleni usiyemfungulia mlango, humwulizi kwanza kama ameketi au amesimama.

Programu nyingi za aina hiyo zimeshafungwa. Canada ilifunga yake Juni 2022, England na Wales tarehe 27 Aprili 2023, na Ujerumani ikaacha kutuma maonyo mwisho wa mwezi huohuo. Lakini ujuzi wa kuziunda haujapotea, na mlipuko mwingine ukitokea utaletewa programu mpya na kitufe cha kukubali kabla hujapata muda wa kusoma masharti. Heri kujua sasa cha kuuliza. Nacho ni kimoja hasa: orodha ya watu niliokaribiana nao inakaa wapi, kwenye simu yangu au kwenye kompyuta ya mtu mwingine?

Simu mbili ndani ya treni

Chukua abiria wawili wasiojuana, wameketi kiti kimoja kwa nusu saa. Katika mfumo wa Apple na Google, jinsi ulivyofanya kazi, kila simu inarusha kwa Bluetooth namba ya kubahatisha isiyo na jina wala namba ya simu ndani yake, na namba hiyo hubadilika kila baada ya dakika 10 hadi 20. Simu ya jirani inaidaka na kuiweka akiba. Haiandiki kwamba ilikuwa treni, wala kituo gani. Baada ya siku 14 kumbukumbu hizo zinafutwa.

Abiria mmoja akipimwa na kukutwa na virusi, anapewa msimbo na idara ya afya, kisha anaamua mwenyewe kama ataziachia funguo za namba zake, yaani siri inayowezesha kuzitambua namba hizo, ziende kwenye seva, kompyuta kuu ya mfumo. Simu za wengine hupakua funguo hizo na kulinganisha zenyewe, huko huko ndani. Zikilingana, arifa inatokea. Seva inajua kwamba kuna mgonjwa aliyetoa taarifa. Haijui alikaa na nani. Programu zilizotumia mfumo huu zilikatazwa kuomba ruhusa ya kujua mahali ulipo.

Kulikuwa na jambo moja lililowakorofisha watu bure. Kwenye Android 10 na matoleo ya nyuma, simu ilikuwa haiwezi kutafuta vifaa vya Bluetooth mpaka swichi ya mahali iwashwe. Kwa hiyo programu iliyoapa kwamba haikufuatilii ilikuwa papo hapo inakuomba uwashe kitu cha kukufuatilia. Android 11 iliondoa sharti hilo kwa arifa hizi, ila kama kuna waliokuwa wameshaifuta programu kwa hasira, mimi nawaelewa.

Mfumo haukuwa malaika. Aprili 2021 watafiti wa usalama walionyesha kwamba Android iliandika baadhi ya namba hizo kwenye kumbukumbu za ndani za simu, ambazo programu zilizokuja na simu kutoka kiwandani zingeweza kuzisoma. Tatizo lilikuwa kwenye utekelezaji, si kwenye mpango wenyewe, lakini mwenye simu hilo halimsaidii.

Pale orodha ilipotoka mkononi

Linganisha sasa na nchi zilizochagua njia nyingine. Singapore ilianzisha programu ya TraceTogether Machi 2020 na kuwaahidi watu kwamba ni ya kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 serikali ikakiri bungeni kwamba polisi wanaweza kuzichukua data hizo katika upelelezi wa jinai. Watu walipopiga kelele, mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ya kuzibana zitumike kwa makosa mazito peke yake. Ahadi ilikuwa ya maneno. Sheria ya jinai iliyowapa polisi uwezo huo ilikuwepo tangu awali.

Ujerumani ina kisa kinachofundisha zaidi, kwa sababu nchi hiyohiyo ilikuwa na programu mbili. Corona-Warn-App ya serikali ilifuata mfumo wa kuweka kila kitu kwenye simu. Luca, ya kampuni binafsi, ilikuwa ya kujiandikisha unapoingia mgahawani. Mtu mmoja alipofariki baada ya kuanguka alipotoka kwenye mgahawa mjini Mainz, mwishoni mwa 2021, polisi walipata kupitia Luca majina ya waliokuwapo wakawapigia simu kuwatafuta mashahidi, ilhali sheria ilikuwa imekataza matumizi ya namna hiyo. Wakuu wa mashtaka waliomba radhi. Kwenye Corona-Warn-App wasingeambulia jina hata moja, kwa kuwa halikuwepo.

Norway ilikuwa imeshaichukua hatari hii kwa uzito mapema: programu yake ya kwanza, iliyokusanya hata mahali watu walipo, ilisimamishwa Juni 2020 baada ya mamlaka ya kulinda data kuipinga, data zikafutwa, na ikarudi Desemba kwa mfumo wa Apple na Google.

Kwa hiyo ukiletewa programu ya afya, usianze na rangi ya nembo ya serikali. Tazama inaomba nini. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na mahali ulipo vikiombwa kwa pamoja, hiyo ni daftari la majina hata ikiitwa arifa.

Uvujaji wa nyumbani

Kwa maoni yangu, siri nyingi za wanadiaspora hazivujwi na serikali. Arifa haitaji jina, lakini mara nyingi hutaja siku uliyokaribiana na mgonjwa. Kama Jumamosi hiyo hukutoka isipokuwa kwenda kwenye mkusanyiko mmoja wa watu wa kwenu, na kati ya waliokuwepo mmoja alikuwa akikohoa, hesabu imeshakwisha. Mtu anapiga picha ya skrini, anairusha kwenye kundi lenye watu mia mbili na swali la kizushi, "nani huyu jamani?" Kufikia jioni kuna jina, na huenda silo.

Ukipata arifa, usiirushe. Jipime, jitenge kama maelekezo ya unapoishi yanavyosema, na waambie kwa faragha wale unaoishi nao chumba au nyumba moja. Ukiwa wewe ndiye mgonjwa na unataka watu wa mkusanyiko wajue, mwambie mwandalizi mmoja unayemwamini atoe tangazo bila kukutaja.

Wanaojifanya maafisa

Matapeli waliiona fursa mapema. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: umekaribiana na mtu mwenye korona, bonyeza hapa. Kiungo kinakupeleka kwenye fomu ya kuomba tarehe ya kuzaliwa, namba ya hifadhi ya jamii, kadi ya benki. Arifa ya kweli hutokea ndani ya programu uliyoiwasha mwenyewe, kwa hiyo kama hujawasha chochote, SMS hiyo haikutoka huko.

Wafuatiliaji wa kweli wa idara ya afya, wanaowatafuta waliokaribiana na wagonjwa, huweza kukupigia simu, hasa mtu akikutaja kwa jina. Watakuuliza afya yako na watu uliokutana nao. Nchini Marekani, tume ya biashara ya serikali kuu ilitoa onyo mwaka 2020 ambalo linafaa kubandikwa ukutani: mfuatiliaji halali hakuombi fedha, haombi namba ya hifadhi ya jamii wala ya benki, na haulizi hadhi yako ya uhamiaji. Akiuliza makaratasi yako, kata simu. Kisha tafuta mwenyewe namba ya idara ya afya ya eneo lako upige uulize.

Kusafisha na kudai

Kama uliwahi kutumia programu hizi, ifute, kisha ingia kwenye mipangilio uangalie kama kuna sehemu ya arifa za kukaribiana na mgonjwa: kwenye Android chini ya Google, kwenye iPhone kwa jina lake. Ukiikuta, zima na ufute kumbukumbu. Programu za kujiandikisha migahawani na zile za vyeti vya chanjo zinahitaji hatua moja zaidi, kwa sababu kuifuta programu kwenye simu hakufuti akaunti iliyo kwenye seva. Funga akaunti kwanza, ndipo ufute programu.

Ukiwa kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya kulinda data binafsi, GDPR, inakulinda bila kujali uraia wako, na Uingereza ina toleo lake. Taarifa za afya zina ulinzi mkali zaidi ya nyingine. Andika barua pepe uombe nakala ya kila wanachohifadhi kukuhusu. Kwa kawaida ni bure na wanapaswa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa mamlaka ya kulinda data ya nchi hiyo. Marekani mambo ni ya jimbo kwa jimbo, na wengi hudhani HIPAA, sheria ya siri za matibabu, inawakinga kila mahali. Sheria hiyo inawabana hospitali, madaktari, kampuni za bima ya afya na wanaowafanyia kazi. Programu uliyojipakulia mwenyewe dukani kwa kawaida haimo.

Simu uliyopewa na mwajiri ni habari nyingine. Mara nyingi idara ya teknolojia ya kampuni inaweza kuona programu zilizomo na hata kuweka nyingine ikiwa mbali. Programu ya afya iweke kwenye simu uliyoinunua mwenyewe.