Msamaha wa kodi kwa jumuiya yenu Marekani: anzeni na mfuko wa misiba

Jumuiya nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili huku Marekani, ziwe za Wakongo, Warundi, Wakenya au Watanzania, huanzia kwenye msiba. Mtu amefariki, watu wanachanga, kamati inaundwa. Baada ya muda mmoja anasimama kikaoni na kusema, "Tuombe 501(c)(3), tutapata ruzuku." Hapo ndipo huwa naitwa.

501(c)(3) ni kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani. Shirika likikubaliwa chini yake halilipi kodi ya mapato kwa serikali kuu, na anayelichangia anaweza kupunguziwa kodi yake. Maombi huenda IRS, mamlaka ya kodi. Fomu yenyewe inajazika. Kazi kubwa iko kabla ya fomu.

Hatua ya 1: Tenganisheni mfuko wa misiba na shirika

Swali la IRS ni moja: nani anafaidika? Katiba nyingi ninazoletewa zina kipengele cha namna hii: mwanachama anayelipa ada kila mwezi atapewa rambirambi ya kiasi fulani akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto. Ni utaratibu mzuri, na umezika watu wengi kwa heshima. Lakini wanaofaidika ni waliolipa ada tu, kwa hiyo mbele ya sheria huko ni kusaidiana wenyewe kwa wenyewe. Shirika la hisani linatakiwa kuhudumia umma, yaani kundi la watu lililo wazi: wakimbizi waliofika mjini, wazee wasiojua Kiingereza, watoto wanaohitaji msaada wa masomo.

Ushauri wangu ni kukiacha kikundi cha misiba kiendelee peke yake, na viongozi wake, daftari lake na akaunti yake ya benki. Shirika jipya liwe kitu kingine kabisa. Likitaka kusaidia mazishi, litoe msaada kwa mwenye shida yeyote, mwanachama au la, kwa vigezo vilivyoandikwa, na mjumbe wa bodi asipige kura ndugu yake anapojadiliwa.

Wazee watauliza kwa nini mnavunja walichojenga. Waelezeni mapema, kabla karatasi yoyote haijasainiwa. Nimeona maombi yakikwama kwa ubishi huu kuliko kwa jambo lolote la kisheria.

Harambee ya kumtibu mtu mmoja aliyetajwa jina nayo isipitie kwenye shirika. Ama miradi ya nyumbani, kama shule Uvira au kisima Kigoma, inaruhusiwa, ila bodi ya huku ndiyo iamue fedha ziende wapi, ifuatilie matumizi na itunze risiti. Kama wachangiaji ndio wanaoamua nani apokee na bodi inapitisha tu, mchango huo hauwapi punguzo la kodi.

Hatua ya 2: Andikisheni shirika katika jimbo lenu

Hii hufanyika kwenye ofisi ya jimbo inayosajili mashirika, kwa ada ya jimbo hilo. Fomu za majimbo mengi ni fupi mno na hazina maneno ambayo IRS inayatafuta. Yaongezeni wenyewe: kwamba madhumuni ya shirika ni ya hisani, elimu au mengine yanayotambuliwa na 501(c)(3), kwamba mapato hayatagawiwa kwa viongozi au watu binafsi, na kwamba shirika likivunjwa, mali yake itakwenda kwa madhumuni hayohayo au kwa serikali kwa manufaa ya umma. Chapisho namba 557 la IRS lina mfano wa maneno hayo. Yanakilini kama yalivyo, msitunge yenu. Kurekebisha hati baadaye kwa kawaida ni kulipa ada nyingine.

Hatua ya 3: Chukueni namba ya EIN

Subirini jimbo lijibu kwanza, kisha muombe namba hii, inayolitambulisha shirika katika mambo ya kodi, kwenye tovuti ya IRS. Ni bure. Tovuti inayowadai pesa kwa ajili ya EIN si ya serikali, funga ukurasa. Mtaulizwa jina la mhusika mkuu, yaani kiongozi anayesimamia shirika na fedha zake, na namba yake ya hifadhi ya jamii au ITIN, namba ya kodi ya asiyestahili namba hiyo. Viongozi wengi huogopa hapa, lakini kuandikwa hakumfanyi awe mmiliki wa shirika.

Hatua ya 4: Katiba ya ndani na benki

Ifanyieni marekebisho katiba mliyonayo, bodi iipitishe kwenye kikao chenye muhtasari. Fungueni akaunti yenye watia saini wawili. Andikeni pia sera ya mgongano wa maslahi. Fomu ndefu ya maombi, itakayoelezwa katika Hatua ya 5, inaiulizia.

Hatua ya 5: Chagueni fomu

Fomu 1023-EZ ni fupi, ada yake dola 275. Inawafaa kama mapato yenu hayajazidi na hamtarajii yazidi dola 50,000 katika mwaka wowote kati ya mitatu ijayo, na mali yenu haizidi dola 250,000. Maelekezo yake yana orodha ya maswali. Jibu moja tu la "ndiyo" linawapeleka kwenye fomu 1023 kamili, yenye ada ya dola 600, maelezo ya shughuli na makadirio ya bajeti. Mkitarajia ruzuku kubwa mwaka wa pili, msijidanganye kwa makadirio madogo ili mwokoe dola 325.

Kanisa na msikiti havilazimiki kuomba, na vikiomba haviwezi kutumia fomu fupi. Kikundi cha hisani ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 5,000 kwa mwaka nacho hakilazimiki, ingawa wafadhili wengi watataka kuona barua ya IRS ya kukubaliwa.

Tumeni ndani ya miezi 27 tangu mwisho wa mwezi shirika lilipoanzishwa, ili msamaha urudi nyuma hadi siku ya kuanzishwa.

Hatua ya 6: Jazeni na kutuma

Fomu zote mbili hutumwa kupitia Pay.gov, tovuti ya malipo ya serikali kuu. Mnapoeleza kazi yenu, acheni "kuwawezesha wanajamii kufikia ndoto zao". Andikeni: tunafundisha Kiingereza kwa wakimbizi watu wazima, tunawakalimania hospitalini. Kwenye sehemu ya aina ya shirika, hakikisheni mmechagua linalochangiwa na umma. Bila kuonyesha hivyo, sheria inawahesabu kama mfuko binafsi, wenye masharti mazito zaidi. Fomu isainiwe na kiongozi, kwa kiapo.

Ikija barua yenye maswali, jibuni kabla ya tarehe iliyoandikwa, au ombeni muda zaidi.

Hatua ya 7: Baada ya barua ya kukubaliwa

Kila mwaka kuna taarifa. Shirika ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 hujaza 990-N, taarifa fupi ya mwaka, mtandaoni. Wanaofuata mwaka wa Januari hadi Desemba mwisho wao ni tarehe 15 Mei. Hata kama hamkupata senti, jazeni. Wajibu huu upo hata wakati maombi bado yanasubiriwa. Mkiruka miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe kisheria. Mwaka 2011 IRS ilipotangaza orodha ya kwanza ya waliofutwa hivyo, ilikuwa na mashirika yapatayo 275,000.

Anayetoa dola 250 au zaidi kwa mara moja apewe hati ya kupokelewa mchango. Msimuunge mkono wala kumpinga mgombea yeyote. Kuandikisha wapigakura bila kuegemea upande kunaruhusiwa. Ulizeni jimboni kuhusu usajili wa wachangishaji na msamaha wa kodi ya mauzo, maana barua ya IRS haigusi hayo.

Mwisho, anwani. Jumuiya nyingi hutumia nyumba ya katibu, naye huhama. Tumeni kwa IRS fomu 8822-B, ya kutoa taarifa ya mabadiliko, kila anwani inapobadilika, na ndani ya siku 60 mhusika mkuu anapobadilika.