Kabla Hujachomwa Dawa ya Usingizi kwa Kipimo cha Kamera Tumboni

"Umekula?" nesi alimuuliza mama. "Sijala," akajibu, wala hakudanganya. Alikuwa amekunywa chai ya maziwa alfajiri, na kwetu chai si chakula. Nilipoitaja, kipimo kikaahirishwa hadi kesho yake. Mama alinuna, lakini dawa ya usingizi hulegeza koo, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Kwa hiyo usingoje kuulizwa: taja kila kilichopita mdomoni, na saa yake. Kwa kawaida chakula chepesi na maziwa husimamishwa angalau saa 6 kabla ya kipimo, maji matupu saa 2. Ukipewa masharti makali zaidi, fuata hayo.

Dawa zako zote zitie kwenye mfuko uende nazo, mitishamba ikiwemo. Mapema, uliza ipi umeze na ipi uache, hasa za kisukari na za kuzuia damu kuganda. Mwenye kisukari akichoma insulini kama kawaida huku amefunga, sukari inaweza kushuka vibaya. Kama unakoroma sana au dawa fulani iliwahi kukudhuru, sema. Meno ya bandia yatolewe. Rangi ya kucha ifutwe, na kama una piko vidoleni mwambie nesi, maana kile kibanio cha kupima oksijeni husoma kwa mwanga.

Jambo linalosahaulika zaidi ni hili: mara nyingi hulali fofofo. Unaweza kusikia na kuumia, ila mdomoni una kidude cha kuzuia meno na mpira wa kamera umepita kooni. Hutaweza kusema. Basi kubalianeni ishara mapema, kwa mfano kuinua mkono wa kushoto. Tena uliza bila haya: "Nani atakuwa anaangalia ninavyopumua?" Anayeshika kamera macho yake yako kwenye skrini.

Nenda na mtu mzima, naye awepo daktari anapoeleza majibu, aandike. Dawa za usingizi kama midazolamu huweza kufuta kumbukumbu ya muda huo. Njiani mama aliniuliza mara tatu daktari kasemaje, na alikuwa ameitikia kila neno. Kwa saa 24 baada ya kipimo usiendeshe gari wala bodaboda, usitie sahihi mkataba. Ukitapika damu, ukapata choo cheusi au tumbo likakuuma sana, rudi hospitali saa hiyo hiyo.