Namna ya Kumpangia Mwanafunzi wa Sekondari Masomo ya Hisabati

Mzazi wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kumsaidia mtoto katika Hisabati aanzie mwisho: auelewe mtihani wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, kisha arudi nyuma hadi kidato cha kwanza. Katika muundo uliozoeleka, mtihani huo wa saa 3 una maswali 14, yote ya lazima: 10 ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na 4 ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. Kwa kuwa mtaala ulioboreshwa wa 2023 unaingia hatua kwa hatua, mwulize mwalimu mtoto wako anafuata upi.

Shughulikia kwanza sehemu A, maana sehemu kubwa ya alama zake 60 hutoka katika mada za vidato viwili vya mwanzo: namba, vipeo na logi, seti, uwiano, faida na hasara. Daraja D huanzia alama 30 na C alama 45, kwa hiyo mtoto aliyekata tamaa anaweza kujiinua kwa mada hizo tu. Ni kosa kubwa, kwa maoni yangu, kumkimbiza kwenye matriksi (namba zilizopangwa kwa safu mlalo na safu wima) ilhali hajui kukokotoa asilimia ya faida ya gunia la viazi lililonunuliwa Uyole na kuuzwa Mwanjelwa. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili utumike kama kioo: mada iliyomshinda pale irudiwe likizo ileile.

Sehemu B hudai takwimu, duara, dunia kama tufe, na matriksi. Hapa mzoeze kuandika kila hatua, kwa sababu alama hutolewa kwa njia pia, si kwa jibu pekee. Mpe swali la nyumbani: Mbeya iko karibu na latitudo ya nyuzi 9 kusini, je, ni kilomita ngapi hadi ikweta? Aandike 9/360 × 2 × 3.14 × 6370 (6370 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita), apate takriban kilomita 1000, kisha akueleze kwa maneno yake kwa nini aligawanya kwa 360. Akishindwa kueleza, asiende swali linalofuata. Achore tufe kwanza, aioneshe pembe hiyo katikati ya dunia.