Kabla hujafukia kiazi cha mbegu nyuma ya nyumba

Wengi ninaowafahamu hapa Arusha huanzia bustani ya viazi jikoni. Sado moja ya viazi mviringo kutoka soko la Kilombero imekaa siku nyingi, vichache vya chini ya kapu vimechipua, na mtu anaona uchungu kuvitupa. Anachukua jembe, anavifukia kando ya banda la kuku, na baada ya wiki tatu majani yametoka mazuri kabisa. Mimi nilianza hivyohivyo. Katika wiki ya saba shina moja lilinyauka mchana, kesho yake matatu, majani yakiwa bado ya kijani kama yaliyokosa maji, ilhali udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha. Nikaongeza maji, na maji yale yakausambaza ugonjwa tuta zima. Msimu uliofuata nikapanda nyanya palepale, nazo zikaanguka moja baada ya nyingine.

Ule ulikuwa mnyauko bakteria. Sikuuokota hewani, niliuzika mwenyewe kwa mikono yangu, ndani ya viazi vilivyokuwa laini, visafi, visivyo na doa. Ndiyo maana nikiulizwa jambo la kwanza la kuzingatia kabla ya kupanda, sisemi mbolea wala maji. Nasema: uliza kiazi kimetoka shamba gani. Sura yake itakudanganya.

Mahindi ni tofauti. Punje imezaliwa upya kwenye gunzi na magonjwa mengi ya mama hayaifuati. Kiazi ni kipande cha shina la mama lililonenepa chini ya ardhi. Ukikipanda, unaendeleza mmea uleule pamoja na kila alichokuwa nacho mama: virusi vilivyoletwa na vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza majani), bakteria wa mnyauko, vimelea vya baka jani chelewa ambalo wengi tunaliita ukungu. Kila msimu mbegu ikirudiwa bila kuchaguliwa, mzigo unaongezeka. Mkulima anasema "mbegu imechoka", na amesema kweli, ila kilichoichosha ni magonjwa yaliyojikusanya humo.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sana sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Mbegu nzuri kwa kawaida hutoka juu, kwenye baridi, kwa sababu huko vidukari ni wachache na virusi havisambai kwa kasi. Hiyo ni sahihi. Lakini baridi hiyohiyo huuficha mnyauko. Bakteria anaweza kukaa kwenye mmea wa juu kabisa mlimani bila kuuangusha. Shamba linapendeza, viazi vinavunwa, vinateremshwa sokoni. Vikifika kwenye udongo wa joto wa chini, ugonjwa unaamka. Kwa hiyo kusikia "hii ni mbegu ya kutoka mlimani" kusikutoshe. Muulize aliyelima kama shamba lake lilinyauka popote, msimu uliopita alipanda nini hapo, na mbegu yake mwenyewe aliipata wapi. Mkulima mwaminifu atakujibu bila kusita, na mara nyingi atakukaribisha ukalione shamba kabla hajavuna. Nenda. Nusu saa ya kutembea kati ya matuta ya mtu viazi vikiwa na maua itakufundisha kuliko kugeuzageuza viazi gengeni asubuhi nzima.

Ukifika shambani ukakuta shina lililonyauka, omba ruhusa ulijaribu. Kata kipande cha chini cha shina, chenye urefu wa kidole, kisha kishikilie kikiwa kimening'inia kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Kama ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kuteremka kutoka pale ulipokata. Kiazi kilichougua sana nacho hujionyesha: macho yake yana utomvu na udongo unang'ang'ania hapo, na ukikikata unaona pete ya kahawia ndani, ukiiminya inatoa ute. Ila kiazi kilichobeba ugonjwa kidogo hakionyeshi chochote, na hicho ndicho cha kuogopa.

Njia salama zaidi ni mbegu iliyokaguliwa. TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu nchini, hukagua mashamba ya mbegu, na mbegu iliyothibitishwa huwa na lebo kwenye gunia. Zipo pia mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima waliosajiliwa vijijini. Muulize afisa ugani wa kata yako ni nani anazalisha karibu, au fika TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo, ukaulize. Ni watu wa mazao ya bustani na hapako mbali. Kikwazo kinachowakatisha tamaa wengi ni gunia. Mtu ana bustani ya mita 3 kwa 6, atafanya nini na kilo 50? Hesabu yenyewe ni hii: mistari 4 yenye nafasi ya sentimita 75, kila mstari mashina 20 kwa nafasi ya sentimita 30, jumla mashina 80. Kiazi cha mbegu chenye ukubwa wa yai la kuku kina gramu 50 hivi. Unahitaji kilo 4 tu, na gunia la kilo 50 lina mbegu kama 1,000. Hapo ndipo majirani wanapohitajika. Kaya kumi na mbili za mtaa mmoja, au kikundi cha vikoba, mnaweza kuchanga gunia moja la mbegu safi na kila mmoja akatoka na kilo zake nne. Sijaona matumizi bora ya pesa ya bustani kuliko hayo.

Kuhusu aina, tazama unachokihitaji. Shangi, iliyotokea Kenya, inapendwa kwa kuiva upesi na kupika vizuri, lakini haina usingizi mrefu baada ya kuvunwa. Huchipua haraka, kwa hiyo haihifadhiki kwa mlo wa miezi mingi. Sherekea, iliyotolewa Kenya mwaka 2010, inastahimili ugonjwa wa ukungu vizuri zaidi, na kwa mtu wa Kibosho au Machame juu, ambako ukungu wa hewani asubuhi unaweza kukaa hadi saa nne, sifa hiyo ina maana kubwa. Asante nayo inajulikana kwa ganda lake lenye wekundu. Usishike jina pekee, kwani sokoni jina hubadilika kutoka gari moja hadi jingine.

Halafu pima mahali ulipo. Tunaviita viazi ulaya, lakini kwao hasa ni milima ya Andes huko Peru, na tabia ya kwao havijaiacha. Kiazi hujaza vizuri udongo ukiwa na nyuzi 15 hadi 20. Joto likizidi sana, mmea hukuza majani marefu ya kupendeza huku chini kukiwa na vijiazi kama karanga. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, na kupanda kwenda juu ya Ngaramtoni, hali inaruhusu. Marangu, Kibosho na Machame vilevile. Moshi mjini ni habari nyingine: mji uko chini ya mita 1,000, na Januari au Februari pale ni kuuchosha mwili bure. Anayeishi Pasua au Majengo na anataka viazi vyake ajipange na miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, basi.

Kwa kweli hata kwa Arusha, mwenye bomba au mfereji namshauri apande mwishoni mwa Mei badala ya kukimbizana na masika ya Machi. Wenye mashamba makubwa hawana hiari, wanategemea mvua. Mtu wa bustani ya nyumbani anayo. Ukipanda Machi, majani yanafunga tuta mwezi wa Aprili wakati mvua haikatiki, na hiyo ndiyo karamu ya ukungu. Unaweza kulala bustani ikiwa nzima na baada ya siku chache ikawa imeungua yote. Ukipanda Mei mwishoni, unyevu wa masika bado uko ardhini, kiazi kinajaza Julai kwenye baridi, nawe unatoa maji kwa kipimo. Manyunyu ya mlimani yapo, hasa Marangu, kwa hiyo jicho lisilale, lakini vita ni nyepesi.

Mbegu ya kupanda Mei mwishoni inapaswa kuwa mikononi mwako mwezi mmoja kabla. Kiazi kilichotoka kuvunwa kimelala. Ukikifukia kikiwa usingizini kitakaa ardhini wiki nyingi na pengine kuoza. Vitandaze tabaka moja au mawili kwenye kreti, ungo mpana au kichanja, mahali penye mwanga usio wa jua kali na hewa inayopita, mfano barazani upande wa kivuli. Gizani vinatoa machipukizi meupe, marefu, yanayokatika ukiyagusa. Kwenye mwanga machipukizi yanakuwa mafupi, manene, ya kijani au zambarau, na yakifika sentimita 1 hadi 2 mbegu iko tayari. Ganda nalo litageuka kijani. Kwa mbegu hiyo si hasara, bali viazi hivyo visirudi tena jikoni, maana ukijani huo huendana na sumu. Waambie watoto na dada wa nyumbani mapema.

Wakati vikiwa kichanjani, vipitie kila siku chache. Kilicholainika, chenye vijishimo vya nondo wa viazi, au kinachotoa chipukizi jembamba kama uzi wakati wenzake wamenenepa, kitoe. Usikihurumie.

Swali la kukata viazi vikubwa huja kila mara. Kwetu huku, penye mnyauko, jibu langu ni usikate. Kisu kikipita kwenye kiazi kimoja kigonjwa kinaambukiza vinavyofuata. Nunua vya ukubwa wa yai uvipande vizima. Ikiwa huna namna, choma makali ya kisu motoni kila baada ya kiazi, hakikisha kila kipande kina macho mawili au matatu, na viache vipande siku mbili tatu kivulini hadi jeraha likauke kabla ya kupanda.

Wakati huohuo ardhi iwe inaandaliwa. Kumbuka pamelimwa nini. Nyanya, nyanya chungu, hoho, biringanya na mnavu ni ndugu wa kiazi na wanagawana magonjwa, kwa hiyo viazi visifuate hapo kwa misimu mitatu angalau. Palipotoka maharage, mahindi au vitunguu ni pazuri. Palipowahi kunyauka pasahau kwa miaka, na usiruhusu maji ya hapo yatiririkie bustani nyingine. Kwa majirani tunaochangia mfereji mmoja, hili ni la kuzungumza kwa uwazi kabla ya kupanda. Kwa wenye vihamba, yaani mashamba ya familia kuzunguka nyumba huku mlimani, usiweke viazi chini ya migomba na kahawa kwa kuwa nafasi ipo. Kivuli kile kinapunguza mazao na kubakiza umande kwenye majani. Tafuta ukingo unaopata jua la asubuhi.

Lima kina cha jembe zima, udongo uwe tifutifu. Samadi iwe imeiva hadi haina harufu wala joto, ndoo moja kwa kila mita moja au mbili za mfereji wa kupandia. Samadi mbichi huleta wadudu. Majivu weka kidogo. Yakizidi hupunguza uchachu wa udongo, na gamba la kiazi hushikwa na ukurutu. Ukitumia mbolea ya dukani ya DAP, ichanganye na udongo ili isiguse mbegu.

Mtu asiye na ardhi safi apande kwenye viroba au ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, ajaze udongo aliouamini, mbegu moja kwa kila ndoo ya lita 20. Na kama una wasiwasi na mbegu uliyonunua, tumia njia hiyohiyo kuijaribu: panda tano kwenye ndoo mahali penye joto, wiki kadhaa kabla ya kulipanda tuta. Si kipimo cha maabara, lakini ndoo ikinyauka umeiokoa bustani.

Siku ya kupanda, kiazi kiingie kina cha sentimita 10 hivi, machipukizi yakitazama juu, kwenye udongo wenye unyevu usiotuama maji. Jembe lioshwe kwanza, hasa la kuazima. Acha udongo wa kutosha kati ya mistari, maana mimea ikifika kimo cha sentimita 15 hadi 20 utaanza kuipandishia udongo, na utarudia tena. Bila hivyo viazi hutokeza juani, vinakuwa kijani na nondo wanavifikia.

Kata pia vijiti ishirini uviweke tayari. Mimea ikitoa maua, utapita ukichomeka kijiti kwenye kila shina lenye nguvu, lenye majani yasiyojikunja wala madoa, na ambalo majirani zake hawajanyauka. Mashina hayo utayavuna peke yake, mapema, kabla hujagusa mengine, na viazi vyake vyenye ukubwa wa yai ndivyo vitakavyopanda kichanjani kuwa mbegu ya msimu unaofuata.