Magharibi ufukweni Kigoma, na kiti mwendo

Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mama yangu alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, na tangu hapo kila Alhamisi jioni nampeleka ziwani. Tulianza wawili. Siku hizi huwa tunakwenda watano, sita: mzee mmoja asiyeona, mstaafu wa reli, fundi cherehani ambaye ni kiziwi, binti wa jirani mwenye ualbino, na yeyote aliyechoka kukaa ndani. Watu huniuliza tunafanyaje. Haya.

Anza na kurudi. Kigoma ni mji wa miteremko. Ukitoka Mwanga kwenda ziwani unashuka, na kushuka hakumshindi mtu. Kazi ni kupanda, giza limeingia, mikono imechoka, bodaboda zinakupita karibu na kiwiko. Kwa hiyo safari naipanga kuanzia mwisho wake: tutapandia wapi bajaji wakati wa kurudi? Natafuta mahali penye lami au udongo mgumu, pana nafasi ya kugeuza, hapana mtaro. Nikishapapata, matembezi yanaanzia hapo na kuishia hapo. Hatutembei kutoka nyumbani. Tunashukia karibu na maji, tunakwenda mita 200 au 300 za sawasawa, tunakaa, tunarudi. Vijana hucheka kwamba hayo si matembezi. Wasukume wao.

Halafu saa. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni ileile ya Dar es Salaam, ndiyo maana jua la kwetu linachelewa. Kwa mwaka mzima huzama kati ya saa 12:50 na saa 1:25 hivi. Wageni wa pwani hufika saa 12:00 wakihema wakidhani wamechelewa. Likishaingia nyuma ya milima ya Kongo, unabaki na dakika kama 20 za mwanga wa kuonea jiwe njiani, basi. Mimi hutaka tuwe tumefika saa 12:15, na kiti kiwe kimegeukia bajaji kabla dakika hizo hazijakwisha.

Mwezi nao uhesabu. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa hazina kazi mwezi ukiwa mpevu. Mkitaka kuona ziwa likiwaka taa kama mji, nendeni kwenye giza la mwezi, mbebe tochi. Mkitaka mwanga wa kurudia, nendeni tarehe 13 hadi 15 za mwezi mwandamo: jua linazama Kongo, mwezi unachomoza nyuma yenu upande wa mjini. Mama anapenda taa. Mimi, msukumaji, napenda mwezi.

Njia lazima uikague mwenyewe kabla, mchana, peke yako. Mimi niliweka gunia la unga la kilo 50 kwenye kiti cha Mama nikalisukuma njia nzima, watu wakinishangaa. Ndipo nilipojua pale ambapo macho yaliniambia tambarare, mikono ilikataa. Beba na futi. Kiti chetu kina upana wa sentimita 63, na mlango wa choo nilioupima karibu na ufukwe haukufika hapo, kwa hiyo haja tunamaliza nyumbani. Kwa vidato nabeba ubao nyuma ya bajaji. Hesabu yake ni rahisi: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za ubao. Kidato cha sentimita 10 kinataka ubao wa sentimita 120. Ubao ukiwa mfupi zaidi, utasukuma kama unapandisha pipa la mawese.

Mahali pepesi mjini ni eneo la stesheni, chini ya Barabara ya Lumumba, ambako ardhi imetulia kuliko sehemu nyingi za mji. Mzee wetu wa reli anapajua kwa miguu. Atakwambia reli ilifika hapa 1914, na kwamba meli ya Liemba iliingizwa majini hapahapa 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka uliofuata, ikaja kuibuliwa 1924. Bandarini penyewe msiingie kienyeji. Ni eneo la ulinzi, muombe ruhusa. Ujiji ni pazuri kwa wazee wanaopenda kivuli: mnaanzia kwenye mnara wa Livingstone, chini ya miembe, kisha mnapanda tena bajaji hadi majini, maana kuna mwendo.

Kibirizi, kwenye mwalo wanakotua wavuvi, ndiko kwenye uhai. Jioni mitumbwi inatoka, injini zinawashwa, dagaa wa mwisho wanaanuliwa. Na ndiko nilikoharibu. Ilikuwa masika, nikamshusha Mama kwenye mchanga laini kwa tamaa ya kumfikisha karibu na maji. Magurudumu madogo ya mbele yakazama hadi kwenye ekseli. Nikavuta, nikasukuma, mwanga ukakata. Wavuvi wanne wakaja mbio, wakamnyanyua yeye na kiti chake, hoo, hadi barabarani. Nikawashukuru sana. Mama hakuongea njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema, polepole kama anavyosema sasa, "Mwanangu, mimi si gunia la dagaa." Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

Tangu siku hiyo, hakuna anayemgusa yeye wala kiti chake kabla hajaitikia. Anayetaka kusaidia anapita mbele yake, anamwamkia, anamuuliza yeye, si mimi.

Kwenye mchanga, geuza kiti ukivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Punguza upepo kidogo kwenye tairi, na ubebe pampu ya kurudishia. Mchanga wenye unyevu karibu na maji ni mgumu kuliko ule mkavu wa juu. Kwenye mteremko mkali shuka kinyumenyume vilevile, wewe ukiwa upande wa chini. Mkisimama, breki, hata pakionekana sawa, maana ufukwe wote unaelekea majini. Mguu uliopooza ufunge kwenye kikanyagio kwa kipande cha kitenge, usikaze. Siku moja wa Mama uliteleza, vidole vikaburuzwa, yeye hakuhisi; mimi niliona damu kwenye soksi.

Mzee asiyeona haongozwi kwa kuvutwa. Yeye ndiye anayekushika wewe juu ya kiwiko, unatangulia nusu hatua. Kwenye mwalo mwambie mapema kuhusu kamba za mitumbwi. Fimbo nyeupe hupita juu ya kamba iliyolala, mguu ukanasa. Akishakaa hahitaji msimuliaji. Husikia adhana ya magharibi, anasikia injini ipi inakwenda na ipi inarudi, anatuambia.

Fundi wetu kiziwi, giza linamfunga mdomo. Lugha ya Alama inataka mikono na uso vionekane, kwa hiyo mwanga ukipungua simama ukiangaliana na palipobaki mwanga, usiliweke ziwa linalong'aa mgongoni mwako ukawa kivuli. Tochi mulika mikononi mwa anayeongea, usimpige nayo machoni.

Binti mwenye ualbino huvaa kofia pana na mikono mirefu mpaka jua lizame kabisa, kwa sababu maji nayo hurudisha mwale. Hukaa ameupa mji uso na ziwa mgongo, halafu jua likishazama anageuka, anavua kofia. Hatumwachi arudi peke yake, hata kama kwao ni nyumba ya tatu.

Mbu wa jioni hawana huruma na mkono usioweza kujipiga kofi. Mpake mafuta ya kufukuza mbu mkono uliolala kwanza, na shingo. Majini msichezeshe miguu giza likiingia, mamba wamo ziwani. Waulizeni wavuvi wa hapo.

Na usafiri. Kiti kinachokunjwa kinakaa miguuni kwa abiria, au kinafungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Dereva mwambie kabla hajaja kwamba kuna kiti, na mpatane bei ya kwenda na kurudi papo hapo, pamoja na ya kusubiri. Bajaji moja inabeba kiti kimoja. Mkiwa na viwili, iteni mbili, na ya pili iwe imeshafika kabla jua halijazama.