Leseni ya fundi ndege: anza na daftari

Vijana wengi wanaoniuliza jinsi ya kupata leseni ya uhandisi wa matengenezo ya ndege huanza na mtihani: una maswali mangapi, ni mgumu kiasi gani. Nami huwauliza: daftari lako la kazi liko wapi? Mtihani ukikushinda utarudia. Kazi uliyoifanya bila kuiandika imekwenda na maji.

Nayasema haya kwa sababu nilipoteza miezi saba. Nilikuwa bado najifunza, zamu ya usiku, nikibadili breki na vichujio vya mafuta karibu kila siku. Kazi zangu niliziandika kwenye vipande vya karatasi, nikijiambia kwamba mwisho wa mwezi nitavipeleka vikasainiwe. Mwisho wa mwezi ukawa unasogezwa mbele. Kisha msimamizi wangu akaacha kazi, na aliyeshika nafasi yake akakataa kutia sahihi kazi ambayo hakuiona kwa macho yake. Alikuwa na haki kabisa. Miezi ile nikaianza upya.

Kwa hiyo andika siku ileile, kabla hujavua ovaroli. Na usiandike "nilisaidia kwenye magurudumu", maana maneno hayo hayamwonyeshi mkaguzi chochote. Andika tarehe, namba ya usajili wa ndege, aina yake na sura ya mwongozo wa matengenezo, kisha ulichofanya kwa mikono yako: "Sura ya 32. Nilitoa breki namba 3, nikafunga mpya, nikakaza bolti kwa kipimo cha mwongozo, nikatoa hewa kwenye mfumo wa haidroli, nikaangalia kama inavuja." Chini yake liwepo jina la aliyekusimamia, namba ya leseni yake na sahihi. Namba za sura ni zilezile kwa ndege karibu zote za abiria: 24 ni umeme, 27 ni mifumo ya kuongozea ndege, 29 ni haidroli, yaani nguvu ya mafuta yenye shinikizo, 32 ni miguu na magurudumu. Kila baada ya miezi mitatu kaa chini uzihesabu. Ukikuta 32 imejaa na 27 haina kitu, mwendee msimamizi umwombe kazi za 27. Mamlaka ya usafiri wa anga inayotoa leseni hutazama upana wa kazi pamoja na wingi wa miezi.

Kuhusu muda, kiwango cha kimataifa kimo katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, kinachosimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga: uwe umetimiza miaka 18, na uwe na miaka 4 ya kukagua, kuhudumia na kutengeneza ndege, au miaka 2 ikiwa umemaliza kozi iliyoidhinishwa. Kila nchi hujenga kanuni zake juu ya msingi huo. Kwa kanuni za Ulaya, anayetaka daraja la B1.1, yaani ndege za injini za turbini, au B2, yaani umeme na vyombo vya elektroniki, bila mafunzo yoyote ya awali huhitaji miaka 5. Marekani huhesabu miezi 18 kwa upande mmoja, ama mwili wa ndege ama injini, na miezi 30 kwa pande zote mbili. Soma kanuni ya mamlaka yako mwenyewe. Usitegemee maneno ya wenzako wa zamu.

Tukija kwenye mitihani, ile ya Ulaya ina maswali ya kuchagua jibu moja kati ya matatu, wastani wa sekunde 75 kwa swali, na kufaulu ni asilimia 75. Ya Marekani ni asilimia 70, lakini baada ya hapo unahojiwa ana kwa ana na kufanya kazi mbele ya mtahini. Kukariri maswali ya zamani kunaweza kukuvusha karatasi. Hakutakusaidia saa tisa usiku ukiwa na tochi mkononi na hitilafu usiyoijua.

Somo ambalo wengi hulisoma juujuu ni lile la udhaifu wa binadamu kazini, na mimi ningelisoma kwanza. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways safari namba 5390 iling'okwa na kioo cha mbele ikiwa angani, na rubani akavutwa nje nusu ya mwili. Wahudumu walimshikilia miguu hadi msaidizi wake alipotua Southampton, na akapona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla. Kati ya bolti 90, bolti 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa na 6 zilikuwa fupi. Zilichaguliwa kwa kulinganishwa kwa macho na bolti za zamani. Aliyezifunga alikuwa fundi mzoefu, mwenye kuijali kazi yake. Ndiyo maana hata leo, kipuri ambacho nimekifunga mara mia nakitafutia namba yake kwenye katalogi kabla sijakigusa.

Ukishaipata leseni, kuitunza ni kazi nyingine. ICAO inataka ndani ya miezi 24 iliyopita uwe umefanya kazi ya matengenezo kwa miezi isiyopungua 6, la sivyo huna ruhusa ya kuitumia, hata kama kadi iko mfukoni. Leseni ya Ulaya pia hufika mwisho baada ya miaka 5 usipoiwasilisha ihuishwe. Kwa hiyo daftari usilifunge siku ya kupokea leseni. Endelea nalo vilevile, na weka nakala mahali pengine. Kwa ndege kubwa utahitaji pia idhini ya aina husika ya ndege, na huruhusiwi kusaini kazi ya aina ambayo haimo kwenye leseni yako, hata ukiwa unaijua vizuri.

Siku moja utaletewa karatasi usaini kazi ambayo hukuiona, abiria wakiwa wameshaketi na meneja amesimama pembeni akitazama saa. Omba tochi, omba mwongozo, fungua kifuniko uangalie mwenyewe. Kikiwa kimeshafungwa, kifunguliwe tena.