Kompyuta imegoma kuwaka baada ya apdeti ya BIOS: usikimbilie kubadili bodi

Nyingi ya kompyuta ninazoletewa hapa Chake Chake kwa maneno "BIOS imekufa" ziko hai. BIOS ni ile programu ndogo ndani ya bodi kuu inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Mwenyewe kakubali apdeti usiku, mashine ikajizima, ikawaka, ikakwama, na asubuhi keshaambiwa anunue bodi nyingine. Roho inaniuma, maana laptopu ya mwalimu mara nyingi ndiyo yenye alama za darasa zima, na hakuna nakala pengine popote. Kabla hujatoa pesa, kaa nayo kwanza.

Anza kwa subira. Baada ya apdeti mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara kadhaa, feni ikivuma na kioo kikiwa cheusi. Zile mpya zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya aina ya DDR5 huipima RAM upya, na hapo kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa. Iache kwenye chaji nusu saa, usiguse kitufe. Ukiizima wakati BIOS bado inaandikwa, hapo ndipo unapoiua kweli.

Sasa tazama kioo. Nembo ya kampuni ikitokea, BIOS inafanya kazi. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mipangilio yake imerudi ya kiwandani. Washa huku ukigonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 au F2 kwa Lenovo nyingi, uingie kwenye mipangilio hiyo. Humo angalia vitu viwili. Cha kwanza ni UEFI na Legacy, yaani namna mpya na ya zamani ya kuwasha mashine: Windows iliyopigwa kwa Legacy haitaonekana kama mashine sasa inatafuta UEFI peke yake, na utaambiwa hakuna diski ya kuwashia. Cha pili ni SATA, yaani jinsi mashine inavyozungumza na diski, kama iko AHCI au RAID. Ikiwa imehama kutoka ilipokuwa, Windows huanza kisha hutoa kioo cha buluu kilichoandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Badili kimoja, hifadhi, jaribu. Ikikataa, rudisha ulivyokikuta ndipo uguse cha pili. Na mtu akikwambia "tupige Windows upya tu", mkatalie. Mafaili yako yamo humo na hayana kosa.

Kioo kikidai namba ya tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows linalolinda diski, si kirusi. Imeona BIOS imebadilika ikafunga mlango. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, namba mara nyingi imehifadhiwa huko. Kama kompyuta ni ya ofisi au skuli, muulize aliyeiandaa. Bila namba hiyo hakuna fundi atakayeyafungua mafaili, hata akuahidi vipi.

Kama kioo ni cheusi tii, chomoa chaji, toa betri ikiwa inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30. Rudisha chaji peke yake, uwashe. Bado? Izime, chomoa chaji tena, fungua nyuma utoe RAM. Hewa yetu ya chumvi haina huruma: ukiipeleka kwenye mwanga utaona yale meno ya dhahabu yamefifia, mengine yana doa la kijani pembeni. Yasugue taratibu kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, pangusa vumbi lake, rudisha hadi vishikio vya pembeni vilie. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Taa nazo zinasema. Kwenye Dell nyingi taa ya betri hupepesa manjano kisha nyeupe: 2 na 2 ni BIOS iliyoharibika, 2 na 3 ni RAM haionekani. Kwenye HP tazama taa ya Caps Lock inavyopepesa. Mwalimu mmoja wa Micheweni alikuja na Dell aliyoambiwa aitupe. Tukahesabu pamoja: manjano mbili, nyeupe tatu. RAM ilikuwa imechomoka upande mmoja, basi.

Taa zikisema BIOS, jaribu kuirudisha mwenyewe. Kwa HP, shikilia Windows na B, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 2 au 3, kiachie, lakini vile viwili endelea kuvishikilia. Kwa Dell, chomoa chaji, shikilia Ctrl na Esc, chomeka chaji, usiachie mpaka uone ukurasa wa kurejesha. Ikidai flashi, iwe imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32 na faili la BIOS litoke kwa mtengenezaji, la modeli ile ile iliyoandikwa chini ya mashine. Kwa HP, iandae flashi kwa programu yao wenyewe. Betri ijae kabla hujaanza. Sisi Pemba tangu 2010 tunaletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, nao hukatika bila hodi; kwa kompyuta ya mezani usithubutu bila UPS, lile sanduku la betri ya akiba.

Yote yakishindikana, fundi ataiandika chipu ya BIOS kwa kifaa maalumu. Mwambie mapema aisome kwanza na ahifadhi nakala ya kilichomo, hata kama kimeharibika. Namba ya mashine na leseni ya Windows kwa kawaida zimo humo, na akimwaga faili la kompyuta nyingine juu yake bila nakala, vitu hivyo vimepotea.